Roketi Chini ya Puto

Mkuu wa shule aliteremka garini akiwa amenuna, hata salamu hakutoa. Puto lilikuwa limejaa nusu, likiyumbayumba juu ya kokoto za machimbo yaliyoachwa.

"Mwalimu, nilisema basi!"

"Ulisema nisilirushe shuleni," mwalimu wa fizikia akajibu, bila kuachia mpira wa kujazia gesi. "Hapa si shuleni."

Mkuu alikuwa na sababu ya kuwaka. Mara ya kwanza, mbele ya wazazi na wageni waalikwa, puto lilipasuka kabla halijavuka paa la bweni, na roketi ikaanguka puu! juu ya hema la wageni. Hakuumia mtu, lakini mji mzima ulicheka, na mwalimu akabaki na jina la Mama Puto.

Alicheka nao, kisha akarudi kazini. Roketi ndogo ikiwashwa ardhini humaliza nguvu ikipambana na hewa nzito. Yeye alitaka puto liibebe kwanza hadi juu kabisa, kwenye hewa nyepesi, ndipo aiwashe kwa redio. Wasimamizi wa anga walikagua kila kitu, wakampa kibali. Aliyebaki kukataa ni mkuu, kwa aibu tu.

"Chagua," mkuu akasema. "Hilo dude au kazi."

 Nyumba aliyokaa mwalimu na mama yake ilikuwa ya shule. Akamgeukia mama, aliyekuwa amemfuata hadi pale akimsema njia nzima arudi nyumbani.

"Mama, unasemaje?"

Mama akamtazama mkuu juu hadi chini. "Baba, mimi nimemkataza huyu tangu alfajiri, mdomo umenikauka. Lakini mimi nimemzaa. Wewe unamfokea kama nani?" Akaikamata kamba ya puto. "Nishike wapi, mwanangu?"

Mwalimu akatoa funguo za maabara na za nyumba, akamkabidhi mkuu. 

Wakaachia. Puto likapaa, roketi ikining'inia chini yake, upepo ukalisukuma kuelekea jangwa lisilo na watu, kama alivyopanga. Mkuu hakuondoka.

"Nasubiri lianguke," akasema.

"Basi vaa kofia," mama akamjibu.

Redio ilikuwa ikionyesha tarakimu za urefu, juu, juu zaidi, kisha ikasita. Puto lilikuwa linavuja. Mwalimu akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Mkuu akakohoa.

"Betri ya roketi imeganda kwa baridi," mwalimu akanong'ona. Akawasha kwa redio kipasha moto kidogo alichokifunga pembeni ya betri, akangoja. Kungoja kulikuwa kubaya kuliko kuchekwa, maana puto lilishaanza kushuka. Mama alikuwa amemshika bega.

Akabonyeza.

Hakuna mlio uliowafikia. Ila tarakimu za redio zikaruka, zikapita mahali puto lilipokomea, zikazidi kupanda, hadi zikavuka urefu ambao hakuna roketi yake yoyote iliyowahi kuukaribia.

"Imewaka!" Mwalimu alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Mama alikuwa anaruka kwenye kokoto, magoti mabovu yamesahaulika.

Mkuu akajikuna shingo, akamnyooshea funguo. "Shika, mwalimu. Tutatangaza kuwa ni mradi wa shule."

"Nitashika. Lakini ukitangaza, sema pia kwamba ulikuja kuuzuia."

"Hilo haliwezekani."

"Basi baki nazo."

Mkuu akabaki nazo, akaondoka akitimua vumbi.

Wiki hiyo walihamia chumba cha kupanga chenye dirisha moja. Mama alilalamikia joto, mbu, na binti asiyejua kunyamaza.  Mwalimu alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkasi mkononi, akikata nailoni ya puto kubwa zaidi, na mama huku akilalamika alimshikilia pindo lisiteleze.