Visanduku Viwili vya Waseya

Kule kaskazini mwa Michigan, Jumatano ya kwanza ya Oktoba ni siku ya kuhesabu watoto. Aliyeketi darasani kahesabiwa. Aliyebaki kwao, hata awe amesajiliwa, ni hasara. Mwaka huu bodi ya elimu ilisema bila kupepesa macho: shule ya Halla isipofikisha arobaini, inafungwa, na watoto watapanda basi saa nzima hadi mjini.

Saa tatu asubuhi Aili Kangas, katibu wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, alikuwa ameshahesabu vichwa mara tatu. Thelathini na tisa. Aliyekosekana ni Waseya wa darasa la kwanza, na Aili alijua kwa nini.

Kosa lilikuwa lake. Kwenye fomu, palipoulizwa asili ya mtoto, bibi yake Rosalie alitia alama visanduku viwili: Mwojibwe, yaani wa kabila la wenyeji wa asili wa huko, na Mzungu. Aili, kwa haraka zake, aliona nywele za dhahabu na jina la Kangas, maana baba wa mtoto ni mpwa wake, akaingiza kimoja tu kwenye kompyuta. Jana nakala ya rekodi hiyo ilifika kwa Rosalie, na leo mtoto hakuletwa.

Aili alifunga mkate wa iliki kwenye kitambaa, akawasha gari.

"Umekuja kuhesabu?" Rosalie alimpokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimekuja kuomba radhi, dada."

"Unatazama nywele, unafuta ukoo! Mama yangu walimpokonya jina lake la Kiojibwe shuleni, Aili. Huyu hafutwi."

"Hafutwi. Nimekosa, tena mimi ni mtu wenu. Fomu hii hapa, tia alama mwenyewe."

Rosalie alikandamiza kalamu nusura karatasi ichanike. Kisha akaunusa mkate.

"Iliki umeibania, bahili we! Haya, Waseya, viatu!"

Shule ilikuwa haijatoka. Ofisini, mtoto alisimama akiitazama ile fomu, kidole kwenye kisanduku kimoja, kisha kingine.

"Bibi Aili, kumbe mimi niko mara mbili?"

"Mara mbili, mjukuu wangu."

"Basi tuko arobaini na moja!"

Aili aliandika arobaini, maana sheria ni sheria, huku akicheka mpaka machozi yakalowesha daftari.