Wanaokataa, Mikono Juu

Jana usiku nililala na beseni kifuani, maana paa langu linavuja kama chujio, nikaota niko kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa bati. Bati jipya, limevaa miwani.

"Jamani," likasema, "mabati ya kaya maskini yamefika. Mkikubali, wanapewa maskini wa pande zote mbili za korongo. Mkikataa, yanarudi yalikotoka. Wanaokataa, mikono juu."

Jina langu lilikuwa la tatu kwenye orodha. Lakini wale wa Ng'ambo, walaji wa mtama, waezeke kama sisi wa Bondeni? Bora tulowe wote.

"Fikiria vizuri," beseni likaninong'oneza. "Mimi nimechoka."

"Nyamaza. Wewe ni wa Bondeni."

"Ulininunua gulio la Ng'ambo."

Nikanyoosha mkono. Ukapanda. Ukachomoka begani, wala hauumi, ukazidi kupanda. Ya wenzangu nayo ikafuata. Kumbe Ng'ambo nao wamenyoosha yao, kwa sababu ileile.

Mikono mia mbili inazunguka angani, polepole, kama mwewe. Mawingu yanaipisha. Hakuna anayekohoa. Nimeona mengi maishani, mengine kwa kupigwa nayo, ila kitu kizuri namna hii sijapata kukiona.

"Kila upande uhesabu ya kwao," bati likaagiza.

Tukashindwa. Yote ina sugu za jembe. Yote kucha zimekatika.

Mara mvua ikashuka, mikono ikashuka nayo, kila mtu akadaka wa karibu. Mama Ndahani, mjane wa Ng'ambo mwenye ulimi wake, akanijia.

"We baba, huo wangu!"

"Una alama gani?"

"Una njaa."

"Hata wangu ulikuwa nayo."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Basi kaa nao. Ila ukiunyoosha kesho, ujue unaninyima mimi kwa mkono wangu mwenyewe."

Nikaamka. Beseni limejaa, shuka chapachapa. Nikafikicha macho, nikautazama mkono wa kulia: chini ya kucha kuna unga mwekundu wa mtama. Nyumbani kwangu mtama haujawahi kuvuka kizingiti.

Saa nne asubuhi mkutano wenyewe wa mabati ukaanza.

"Wanaokataa," mwenyekiti akasema, "mikono juu."

Jirani yangu akanikanyaga mguu. "Vipi wewe? Nyoosha mkono!"

"Siwezi," nikamwambia. "Nimeukalia."