Salamu za Shangazi Eulamae

Mimi nasuka nywele za wageni kwenye kisiwa cha kampuni ya meli za watalii, hapa kwetu Bahama. Siku ile nilikwenda na shangazi yangu Eulamae, ambaye hakuwahi kuiona meli kwa karibu. Ilipofunga gati aliinua uso mpaka kofia ikamdondoka. "Mama yangu! Mji mzima unaelea!"

Abiria wakaanza kumiminika. Kwetu hupishani na mtu bila kumsalimia, basi shangazi akasimama mwisho wa gati: "Habari za asubuhi. Habari za asubuhi, mwanangu."

"Shangazi, maelfu hao! Unanitia aibu."

"Aibu ni kukaa kimya kama gogo. Wewe suka!"

Wengi walimkwepa wakidhani anauza kitu. Sauti ikamkauka, hakukoma.

Jioni, wakirudi melini, mzee mmoja aliyeiva kwa jua akavua kofia mbele yake. "Kwaheri, mama." Akafuata mwingine, kisha foleni nzima. Shangazi akawa anaitikia kwa kichwa tu, machozi yakimtiririka.

Meli ikaondoka, ikapiga honi iliyonitetemesha kifua. Shangazi akanikamata mkono, macho yamemtoka.

"Inatuaga," akanong'ona. "Itikia basi! Mimi sauti sina."

Nikaitikia kwa sauti yangu yote.