Msafiri wa Chumba cha Pili

Naandika haya kwa wazazi wenzangu, maana mwanangu aliponiomba nimfiche, nilimficha.

Alikuwa na kiwanda kidogo cha mikate. Miaka mitano alikiendesha na rafiki yake, yeye akichoma, rafiki akikanda, ndiyo maana nyumbani tukamwita Mkandaji. Tanuri likafa, unga ukapanda bei, kiwanda kikafungwa. Mwanangu akazima simu, akajifungia chumba cha pili. Hakumwambia mtu. Wenye maduka walimsubiri asubuhi na rafu tupu. Mkandaji alikuta kufuli kwenye mlango wa kiwanda kama mpita njia.

Siku ya nne akabisha hodi kwetu.

"Shikamoo, mama. Yupo?"

"Marahaba, baba. Amesafiri."

"Kaenda wapi?"

"Mbali."

Sijafunga mdomo, huko ndani mwanangu akakohoa. Kikohozi kile cha vumbi la unga, aliyefanya naye kazi hawezi kukisahau. Mkandaji akatazama viatu vya mwanangu pale mlangoni. Hakucheka.

"Basi nisalimie huyo msafiri," akasema. "Mwambie huko mbali kuna baridi, avae sweta."

Mpaka anakata kona nilikuwa na nafasi ya kumwita. Sikumwita. Nilijiambia namkinga mwanangu na aibu.

Miezi mitatu ikapita. Chumba kikamchosha, akaanza kutafuta kazi. Kila alikokwenda aliulizwa: ulikuwa unafanya kazi na nani, tumuulize? Ikabidi amtafute Mkandaji. Nikafuatana naye, kwa kuwa uongo ulitoka kinywani mwangu.

Tulimkuta kwenye kiwanda kikubwa, viganja vimejaa unga. Akampa mwanangu kiwiko badala ya mkono.

"Safari ilikuwaje?"

"Sikusafiri."

"Najua. Ulikohoa."

Mwanangu akainamisha kichwa. "Nilishindwa kukutazama usoni. Nisamehe."

"Na mimi nilikudanganya, baba," nikasema.

Mkandaji akaendelea kukanda. "Siku ile nilikuja kumwambia hapa wanataka watu wawili waliozoeana, mkandaji na mchomaji. Nikaja hapa na mwingine."

Nyuma yake huyo mwingine alikuwa akitoa trei tanurini. Mikate ilikuwa imeungua pembeni. Mwanangu aliiona, nami niliona kwamba ameiona.

"Nafasi ikitokea nitakuja kubisha," akasema Mkandaji. "Ila mlango afungue mwenyewe. Siyo wewe, mama."

Hajaja bado. Mwanangu amewafuata wenye maduka mmoja mmoja, kuwaeleza yaliyompata. Wawili walimfukuza, mmoja alimpa kiti.

Hodi ikipigwa miguu yangu inasimama yenyewe. Najikalisha tena, mpaka nisikie mlango wa chumba cha pili unafunguka.