Aliyerudia Mwaka

Mimi ndiye karani wa darasa letu, na cheo hiki sikukiomba. Nilipachikwa chuoni, tulipokuwa ishirini na watatu tunasomea upimaji ardhi, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na jua nilikuwa sipatani nalo. Wenzangu walibeba vyombo, mimi nikabeba daftari. Miaka arobaini na moja imepita na jina halijanitoka. Hata mke wangu akikasirika huniita Karani.

Kila mwisho wa mwaka nawaandikia wenzangu barua. Nani kastaafu, nani kapata mjukuu, nani kapasuliwa goti, nani katutoka. Zamani niliipeleka posta, siku hizi naituma kwenye kundi letu la simu. Tulikuwa tumebaki tisa. Habari za wajukuu zinapungua na za marehemu zinaongezeka, kwa hiyo huwa natia utani humo ili watu wasome mpaka mwisho. Na utani uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa Nyundo.

Nyundo tulimwita hivyo kwa sababu ndiye aliyepigilia vigingi. Jitu kubwa, pole, zito la maneno. Mwaka wa mwisho alifelishwa zoezi la uwandani akarudia mwaka mzima, yeye peke yake kati yetu. Basi kila barua nilimwekea sentensi yake: "Nyundo, aliyekipenda chuo mpaka akarudia mwaka, hajambo." Watu wanacheka mpaka basi. Yeye hakuwahi kunijibu vibaya. Alituma neno moja tu kila mwaka: "Nimeipata."

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, nikikusanya habari, akaniletea ujumbe. "Karani, Jumamosi hii nafunga. Saa nne asubuhi. Ukiweza uje."

Nilijua ana kiofisi cha kuchora ramani za viwanja, chumba kimoja nyuma ya duka la magodoro. Nikasema, ehe, leo amekubali kwamba amezeeka. Nikaona soda, viti vya kukodi, hotuba ndefu, na hotuba mimi napenda zangu tu. Na niseme kweli: kwa miaka arobaini na moja sikutaka kukaa na Nyundo tukiwa wawili. Sababu nilikuwa naijua vizuri. Kwa hiyo sikwenda, sikupiga simu, na kwenye barua nikaandika: "Nyundo, aliyekipenda chuo mpaka akarudia mwaka, amefunga ofisi. Sasa ana nafasi ya kurudia na mwingine."

Bibi Ramani, mchoraji wa darasa letu, alijibu kwa vicheko mstari mzima. Nyundo safari hii hakutuma neno lake. Nikasema kasusa, itamwisha.

Jumanne iliyofuata, asubuhi, nikiwa namwagilia miche yangu ya nyanya, binti yake akaingia getini. Ni mwalimu wa hesabu, ana mabega ya baba yake. Mkononi alishika bahasha ya kaki.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, chai ipo."

Chai hakutaka. Aliketi ukingoni mwa kochi, bahasha ameilaza mapajani. "Baba ametutoka jana alfajiri," akasema. "Tunamzika Ijumaa."

Nikampa pole. Nikauliza alikuwa anaumwa nini, akasema ini, na kwamba tangu mwezi wa nne alijua haponi.

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia. Alikuandikia kwamba anafunga."

"Si ofisi?"

"Ofisi aliifunga mwaka juzi, baba mdogo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ukipima eneo, unaanzia kwenye alama ya kwanza, unazunguka kigingi kwa kigingi, halafu unarudi pale pale ulipoanzia. Kurudi huko sisi tuliita kufunga. Ukifunga vizuri namba zinakubaliana. Zikikataa, kuna mahali mtu amekosea, na huondoki mpaka ajulikane. Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote ya kazi, nimelifundisha vijana wa watu, na siku rafiki yangu ananiandikia, mimi nikaona soda na viti vya kukodi.

Binti akaendelea, sauti yake imenyooka kama yuko darasani. Jumamosi ile alimpeleka baba yake chuoni. Nyuma ya maabara ya zamani bado lipo lile tofali la zege lenye kichwa cha msumari wa shaba, alama namba moja, tulipoanzia sote. Mlinzi akawaazima kiti cha plastiki. Nyundo akaketi hapo tangu saa nne.

"Nilitaka kukupigia. Akanikataza. Akasema Karani ni mpimaji, akisikia nafunga anajua ni wapi. Gari likipita barabarani anageuza shingo. Jua likimfikia miguuni tunasogeza kiti. Tulikisogeza mara tatu. Saa nane na nusu akasema basi, twende."

Nilitazama tope la bustani kwenye vidole vyangu.

"Barua yako nilimsomea mimi mwenyewe," akasema. "Sikujua kuna nini ndani mpaka nilipofika katikati, na alikuwa ananiangalia, nikashindwa kuacha. Nikaisoma yote. Halafu akasema, 'Hakurudia.' Nilidhani anasema hukurudi kumwona. Lakini baba hakuwa mtu wa kukosea neno. Nimekuja uniambie maana yake."

Akafungua bahasha, akanipa daftari. Jalada la kijani limekuwa kama ngozi ya mtu mzee. Lilikuwa daftari langu la zoezi la mwisho, ambalo nilidhani chuo kililichoma zamani. Akalifungua mahali palipokunjwa. Mwandiko ni wangu. Kwenye mstari wa kigingi cha tano nimeandika thelathini na sita, na mtu ameizungushia duara kwa penseli. Pembeni hapakuwa na neno lolote.

Ningeweza kumdanganya. Baba yake ameshakwenda, na mimi nina mvi za kuaminika. Lakini alikuwa ananiangalia kwa macho ya baba yake, yale yale ya siku ya mtihani, nami uongo wangu wa kwanza ulikuwa umenichosha.

Nikamweleza. Uwandani mko wawili: mmoja anasoma chombo, mwenzake anaandika. Msomaji anataja namba. Mwandishi haruhusiwi kuandika mpaka airudie kwa sauti. Ikiwa ni yenyewe, msomaji anasema, "Andika." Ndipo unaandika. Siku ile ya mtihani Nyundo alisoma, mimi nikaandika. Kwenye kigingi cha tano akasema sitini na tatu. Mimi jua lilikuwa linanichoma utosini, njaa inanikata, nikaandika bila kurudia, tena nikaandika kinyume. Tulipofika alama namba moja, haikufunga. Mwalimu akauliza nani kakosea, msomaji au mwandishi. Nikasema, "Nimeandika alichosoma."

"Na baba?"

"Baba yako alinitazama. Alijua. Alijua pia kwamba mimi nasomeshwa kwa masharti, nikifeli narudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Akasema, 'Huenda nilisoma vibaya, mwalimu.'"

Binti alilitazama lile duara. "Kumbe alirudia mwaka," akasema polepole, "kwa sababu wewe hukurudia namba."

"Ndiyo."

"Na ile nafasi ya wizarani aliyokuwa ameahidiwa?"

"Nilipewa mimi."

Alitikisa kichwa, mara moja tu. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisimama, akaweka mkoba begani. "Tangazo la msiba alisema uandike wewe, kwa sababu ndiye karani. Mimi naomba kitu kimoja. Ule utani, uache."

Daftari aliniachia.

Nilikaa mezani mpaka chai ikapoa. Nimeandika wasifu wa marehemu kumi na wanne wa darasa letu na hakuna ulionichukua zaidi ya dakika ishirini. Huu ulinichukua mpaka adhuhuri. Mwisho nikaandika: "Nyundo ametutoka jana. Maziko ni Ijumaa. Nawaomba mjue kwamba Nyundo hakufeli lile zoezi. Nilikosea mimi, nikamsingizia, akanyamaza ili mimi nipone. Mwaka alioubeba ulikuwa wangu." Nikatuma.

Pole zikaanza kumiminika, na ndani ya pole, mengine. Mmoja akaandika, "Karani wewe, hata msibani huachi." Mwingine akasema marehemu huko aliko lazima anacheka. Bibi Ramani akaandika kwamba hiyo ndiyo namna nzuri ya kumuaga, kwa utani wake wa siku zote.

Nikaandika, "Si utani." Wakacheka zaidi, kwa sababu miaka yote utani wangu huanza na maneno hayo.

Nilijiona mjinga, halafu nikajichukia, halafu nikaelewa kwamba hawana kosa. Nimewafundisha miaka arobaini na moja kumcheka yule mtu. Watajuaje kuacha kwa ujumbe mmoja? Na Ijumaa watasimama kaburini, mmoja wao atalirudia lile neno kwa mapenzi mema, na binti yake atakuwa amesimama pale akisikia.

Nikachukua simu, nikaanza na Bibi Ramani.

"Karani," akasema, bado ana kicheko kooni. "Pole, ndugu yangu."

"Nataka nikusomee kitu," nikamwambia. "Ukisikia, urudie. Kama uwandani."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Nyundo hakufeli. Nilifeli mimi. Alisoma sitini na tatu, nikaandika thelathini na sita, nikasema uongo mbele ya mwalimu. Rudia."

Nilisikia redio ikiongea nyumbani kwake, kisha nikasikia mtu akiizima.

"Karani, unanitania."

"Rudia, dada yangu. Nakuomba."

Alipoanza, kicheko kilikuwa kimemtoka kabisa, akatamka neno kwa neno kama tulivyofundishwa. "Nyundo hakufeli. Ulifeli wewe. Alisoma sitini na tatu, ukaandika thelathini na sita, ukasema uongo."

Daftari lilikuwa wazi mbele yangu, na lile duara.

"Andika," nikamwambia.

Kisha nikakata, nikatafuta namba ya anayefuata. Walikuwa wamebaki sita.