Mpaka wa Elfu Moja na Mia Tano

Fomu ya dada yake iliporudi maabara kwa mara ya tatu na neno lile lile, "Aahirishwe", Bi Hadubini aliipiga meza kwa kiganja hadi vichupa vya damu vikagongana.

Jina hilo alibandikwa na wenzake. Miaka kumi na tisa ya kazi hakuwahi kuiamini mashine peke yake. Ikishahesabu, naye huinamia hadubini akahesabu upya. Damu ya asubuhi hiyo aliihesabu mara mbili, kwa sababu ilikuwa ya dada yake wa tumbo moja. Chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi zilikuwa elfu moja na mia mbili. Mwongozo wa dawa ya saratani ulitaka elfu moja na mia tano. Chini ya hapo mgonjwa hawekewi dripu. Anaambiwa arudi wiki ijayo, labda damu itapanda.

Dada alikuwa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na uvimbe wa titi haukuwa umemnyang'anya mdomo wake.

"Nimefeli tena, mdogo wangu? Mtihani gani huu, kila wiki alama zile zile?"

Bi Hadubini alifungua kinywa amtulize, akakifunga. Zile zile. Kama ni ugonjwa ulioziangusha chembe, mbona hazipandi wala hazishuki?

Alirudi maabara mbiombio, akayavuta madaftari ya zamani kabatini, vumbi likimkwaruza koo. Ilimchukua saa nzima. Miaka sita nyuma, walimu walipoletwa kupimwa afya, jina la Dada lilikuwemo: elfu moja, mia mbili na hamsini. Wakati huo alikuwa mzima kama chuma.

Akafunga mpira mkononi, akajitoa damu mwenyewe. Elfu moja na mia moja. Yeye, ambaye hakumbuki lini homa ilimlaza kitandani.

Aliingia kwa daktari bingwa bila kubisha hodi.

"Daktari, na mimi niahirishe."

"Unasema nini?"

Alimtandikia karatasi tatu mezani. "Hii ya dada yangu leo. Hii yake miaka sita iliyopita, hana hata mafua. Na hii yangu, ya sasa hivi. Niko chini yake. Niandikie nikakae nyumbani damu ipande."

Daktari alivua miwani. "Mwongozo ndio unasema hivyo. Nikimpa dawa akapata maambukizi, nani atajibu?"

"Na uvimbe ukikua, atajibu nani? Na huo mwongozo, walipimwa watu gani ukaandikwa?"

Kitabu cha mwongozo kilikuwa rafuni. Alikichomoa mwenyewe, akafunua kurasa za nyuma zenye majedwali, akamsukumia. "Soma. Kwa sauti."

"Waliojaribiwa dawa, mia nane na arobaini," daktari alisoma. Kidole chake kikashuka, kikasimama. "Wenye asili kama yetu... kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja! Kipimo cha dawa, madhara yake, ganzi ya vidole, mpaka wa damu, vyote vimekatwa kwa miili ya watu wengine, sisi tunavalishwa tu! Na wewe damu yako umeshaipima?"

Daktari alisema polepole, "Chuoni tulifundishwa. Kwamba wengi wa asili yetu wana chembe hizi chache na ni wazima kabisa. Ilikuwa mistari miwili tu. Niliisahau."

"Uliisahau." Bi Hadubini aliona heri angesema hakuwahi kujua.

Siku hiyo hiyo daktari aliwapigia simu wenzake wawili, wakakubaliana. Kesho yake Dada aliwekewa dripu, akapewa kipimajoto na amri ya kurudi mbio akipata homa. Homa haikuja. Lakini picha mpya zilionyesha kwamba katika wiki zile za kungoja uvimbe ulikuwa umekua, na upasuaji uliotazamiwa kuwa mdogo sasa ungeondoa titi zima. Siku hiyo Dada hakufanya mzaha. Daktari alimwomba radhi, naye akamwitikia. Bi Hadubini aliangalia ukutani.

Wiki ile yote alibaki na madaftari, akiandika majina ya wote waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya mpaka ule. Walifika thelathini na wanne. Kwa wawili alipiga simu mwenyewe, zikapokelewa na ndugu: walishazikwa.

Aliibeba orodha hadi kwa daktari, akaiweka juu ya kikombe chake cha chai.

"Waliobaki utawapigia wewe," alisema. "Na utawaambia kwa nini."

"Nitawapigia Jumatatu."

"Sasa."

Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, hadi aliposikia upande wa pili wa simu mwanamke akiitika, "Haloo?"