Mbega wa Korongoni

Edith alikuwa ameshika tonge la ugali wa ulezi pale Mzee Kasimiri alipomuuliza mbega wanalala wapi.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, lakini Edith alilirudisha tonge sahanini. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mzaliwa wa Mwimbi, aliyepewa ruzuku ndogo ya utafiti kufuatilia mbega wekundu wa Msitu wa Mbizi. Ruzuku ilimpatia darubini na mabuti ya mvua. Chumba na chakula alipewa na mzee huyu na mkewe, Mama Agnesi, na hawakutaka malipo. Sasa mahindi yao mabichi yalikuwa yameliwa upande wote unaopakana na msitu.

"Sijui, baba," alisema. "Wanahamahama."

Alijua. Walilala korongoni, kwenye miti mikubwa, na jike mmoja alikuwa na mtoto asiyeweza hata kujishika vizuri. Mzee alimtazama kidogo, akaendelea kula. Hakuuliza tena, na hilo ndilo lililomnyima Edith usingizi.

Asubuhi alisikia mbwa uani. Majirani walikuwa wamefika na mikuki. Mmoja wao, Wilibrodi, alisema amesikia milio ya mbega korongoni. Edith alitoka pekupeku, akawakumbusha kwamba kuwinda hifadhini kutawafikisha mahakamani. Wilibrodi akamjibu kwamba mahakama haitamlishia watoto. Walipoanza kuondoka pamoja na Mzee Kasimiri, Edith alimkimbilia mzee, akasimama mbele yake.

"Baba, nilikudanganya jana. Najua wanapolala. Lakini sijawahi kuwaona shambani, na wewe hujawaona. Nipe kesho tu. Tukae wote tuone nani anakula."

"Na wakiwa ni wao?"

"Nitasema ni wao," alisema Edith. "Na walionipa ruzuku nitawaandikia hivyo hivyo."

Mzee akawaambia wenzake wafunge mbwa.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, walijibanza pembeni mwa shamba. Ukungu ulikuwa mzito na Edith alipangusa lenzi za darubini kila mara. Walikuja nyani, kundi zima, wakivunja mabua. Alipumua. Kisha akaona manyoya mekundu ukingoni mwa msitu: yule jike, mtoto kifuani, na wenzake wawili, wakila mahindi.

Mzee hakuwaona, macho yake yalikuwa kwa nyani. Edith angeweza kunyamaza. Alimpa darubini, akamwonyesha.

Mzee aliwaangalia, kisha akaielekeza darubini tena kwa nyani. "Nyani ndio wanaonimaliza," alisema. "Hawa wanadokoa." Akainuka, akapiga kelele, na wote wakatimua mbio.

Wakirudi nyumbani alimpa masharti yake: korongo litaachwa, lakini Edith atalinda shamba na Mama Agnesi kila alfajiri mpaka mavuno. Mbega wakizidi, hatamzuia Wilibrodi tena. Edith akakubali.

Siku hiyo aliwaandikia wenye ruzuku kwamba mbega wanakula mahindi ya watu, akaituma taarifa kabla hajabadili mawazo, ingawa wangeweza kumkatia fedha. Majibu yalichelewa. Wiki nzima aliamkia shambani akipiga debe kufukuza nyani, akishtuka kila mbwa alipobweka upande wa kwa Wilibrodi. Hatimaye wakamjibu: aendelee, na achunguze pia namna ya kulinda mashamba.

Mahindi yalivunwa bila mtu kuingia korongoni. Mpaka siku Edith alipoondoka kijijini, Wilibrodi hakuwahi kumsalimia.